Maswali yanayoulizwa mara kwa mara: vichaka usivyovijua mbele ya nyumba uliyonunua Mtwara au Lindi

Nauza miche hapa Mtwara mjini. Haupiti mwezi bila mtu mmoja au wawili kufika na kitawi kilichonyauka mfukoni: "Nimenunua nyumba, mbele kuna huu mti, ni wa nini?" Maswali ni yaleyale, kwa hiyo majibu nimeyaweka hapa. Yanaanza na mambo ya mwanzo na kuishia kwenye kesi ngumu. Nikikuelekeza swali jingine ujue nakwepa kurudia. Nimefuata hali ya pwani, Lindi mjini hadi Mikindani na Mtwara. Aliyenunua Newala au huko Rondo atakuta mengi yanafanana, si yote.

## Kabla ya kushika panga

1. Nimehamia wiki iliyopita. Nianze na nini?

Anza na daftari. Zunguka uwanja asubuhi jua halijachoma, chora nyumba, geti, kisima na shimo la choo, kisha kila kichaka kipe namba. Namba inatosha kwa sasa, jina litakuja lenyewe. Mimi hufunga na kipande cha kitambaa kwenye tawi ili kijana wa kufyeka asije akajifanya hakuona.

Ukishapata ramani, tafuta mambo matatu tu ya haraka. Je, kuna chenye maziwa au mbegu za kuvutia pale watoto wanapocheza (maswali ya 13 hadi 15)? Je, kuna mstari ulionyooka unaofuata mpaka (swali la 16)? Je, kuna kilichosimama juu ya shimo la choo au kimegandana na msingi wa nyumba? Vilivyobaki vyote havina haraka.

2. Visubiri mpaka lini?

Mpaka mvua zikolee. Huku kwetu mvua ni ya msimu mmoja, huanza Novemba au Desemba na kwisha Aprili au Mei. Wengi huhamia kiangazi, na kiangazi mimea huwa inadanganya. Franjipani ya mwezi wa tisa ni vidole vya kijivu visivyo na jani hata moja, na mbono kaburi nao hivyo hivyo. Mwenye nyumba mpya huona kuni.

Kujua kama tawi liko hai, likwaruze kwa ukucha. Chini ya gome kukiwa kijani na unyevunyevu, liko hai. Kukiwa kahawia na kukavu, hilo tawi limekwisha, lakini usitangaze msiba bado: shuka ukwaruze karibu na shina, halafu chini kabisa.

Mimi niliyasahau haya yote nilipohamia kwangu. Ilikuwa Septemba. Chini ya dirisha la chumba kulikuwa na kichaka cha kimo cha mtu, majani ya kawaida, hakina ua, kina vumbi, kinaziba upepo. Nikakikata dakika tano. Bibi jirani alikuwa amesimama upande wa pili wa ukuta na ndoo yake, akaangalia mpaka nikamaliza, ndipo akasema: "Mjukuu wangu, mkilua umekukosea nini?" Nilibaki na panga mkononi. Kumbe wanawake wa mtaa mzima walikuwa wakichuma maua pale kila kukiwa na harusi, na yule mama aliyeniuzia nyumba alidhani sina haja ya kuambiwa kitu kinachojulikana na kila mtu.

3. Nimuulize nani?

Aliyekipanda, na kama hayupo, aliyekuwa akikichuma. Mpigie simu muuzaji kabla hajabadili namba, na ukiweza zungumza na mama wa ile nyumba. Baba mara nyingi atakwambia "hayo ni maua tu". Baada ya hapo ni majirani wakubwa kwa umri. Nenda na kitawi, salimia, kaa. Swali la barabarani hupata jibu la barabarani.

Na usiulize tu "huu unaitwaje?" Uliza "mlikuwa mnautumia kwa nini?" Jina huyumba, matumizi hayayumbi. Ukiambiwa "tulikuwa tunachuma mboga hapo", umeshapata nusu ya jibu.

4. Kwa nini watu watatu wamenipa majina matatu?

Kwa sababu wote watatu wanaweza kuwa sahihi. Mtaa mmoja wa Mtwara una Mmakonde, Mmakua na Myao. Lindi utamwongeza Mmwera. Kila mmoja ana jina la kwao, na juu yake kuna Kiswahili cha pwani. Hilo halina shida, andika yote.

Shida ni jina moja kuvaa mimea miwili. "Mbono" mmoja atamaanisha mbarika, mwingine mbono kaburi. "Mpira" unaweza kuwa wa kisamvu au wa kitu kingine kabisa. Ndiyo maana hapa chini, pale inapolazimu, nimeongeza na jina la kitaalamu. Utalihitaji pia ukitaka kutafuta habari zaidi kwenye simu.

## Kuusoma mmea

5. Hauna ua wala tunda. Nitaujuaje?

Ua husaidia, ila jani na kifundo husema mengi. Angalia pale kikonyo cha jani kinaposhika tawi. Majani yakitoka moja upande huu, la pili juu kidogo upande mwingine, hayo ni ya kupishana: mkorosho, bogenvilia, haibiskasi. Yakitoka mawili yanayotazamana kwenye kifundo kimoja, ni ya kuelekeana: mpera, mhina, lantana, duranta. Yakitoka matatu yanayozunguka kifundo, jihadhari, soma swali la 14 kwanza.

Kuna mtego mmoja unaokamata karibu kila mtu. Kile unachokiita jani huenda ni kijani tu, yaani jani dogo, sehemu ya jani kubwa zaidi. Jani la mwarobaini ni ule mkono mzima wenye vijani vingi. Kujua tofauti, angalia kwapani: jani zima huwa na kichipukizi kidogo kwenye kwapa lake, pale linaposhika tawi. Kijani hakina.

6. Utomvu na harufu vinasaidia?

Sana, ukifanya kwa adabu. Vaa glavu au mfuko mkononi, kata ncha ya kitawi kwa mkasi, mbali na uso, usubiri kidogo. Maziwa meupe yakitoka, umepunguza orodha: mnyaa, franjipani, oleanda ya njano, muhogo, na wengineo. Maziwa peke yake si hukumu, maana hata mpapai na mfenesi wana maziwa. Lakini mmea wa maziwa usioujua uhesabu mbaya mpaka ujulikane.

Kama hakuna maziwa, finyanga jani unuse. Mlimao na mndimu hujitaja wenyewe. Mpera nao. Jani changa la mkorosho linanuka kama rangi ya mafuta. Kivumbasi kina ule ukali wa kufukuza mbu. Lantana ina harufu nzito isiyopendeza, na shina lake ukilipapasa lina pembe nne na vimiiba vilivyopinda.

Kuonja hapana. Hata kidogo, hata kwa ncha ya ulimi, hata kama mzee fulani alikuwa akifanya hivyo.

7. Mbuzi wa jirani wanaingia lakini kuna vichaka hawavigusi. Ina maana?

Ina maana. Kwenye uwanja ambao mbuzi wameshautawala kiangazi kizima, kilichobaki kibichi kina sababu zake: minyaa, oleanda, lantana. Mimi nikiitwa kuangalia kiwanja, hiyo ndiyo kazi ya kwanza, kutazama kile mbuzi alichokiacha.

Ila usigeuze hoja. Mbuzi kula kitu si cheti kwamba na wewe unaweza kukila, na mbuzi mgeni au mwenye njaa kali hukosea kama sisi.

## Vinavyokutwa mara nyingi

8. Bibi zetu walikuwa wakipanda nini mbele ya nyumba?

Vya kunukia. Ukinunua nyumba ya zamani Mikindani au Lindi mjini, tegemea mwasumini, mhina, mrehani, na ukiwa na bahati mkilua au mlangilangi.

Mkilua ni wa pwani yetu hasa, Tanzania na Kenya, na wataalamu walipoupa jina walichukua Kiswahili kama kilivyo: Mkilua fragrans. Ni ndugu wa mstafeli na mtopetope, na udugu unaonekana: majani yamejipanga safu mbili, kulia na kushoto kwa kitawi, kama yamebanwa kwenye kitabu. Maua yananing'inia chini ya majani, petali nene, hayana rangi ya kujitangaza. Utapita bila kuyaona, pua ndiyo itakurudisha. Ukiwa na kichaka kinachofanana na mstafeli lakini hakizai, usikikate kabla hujamwita mama mmoja wa mtaani akinuse.

Mhina, Lawsonia inermis, huchanganywa na duranta kwa kuwa vyote vina majani madogo ya kuelekeana na vinaweza kuwa na miiba. Jani la mhina halina meno ukingoni, maua yake ni madogo ya rangi ya maziwa, mengi pamoja, na tunda ni kidonge kikavu kilichojaa vimbegu. Duranta ina maua ya zambarau na matunda ya njano kama shanga. Ukishaona dalili hizo na bado una wasiwasi, twanga majani machache mabichi na maji ya ndimu, bandika kwenye ukucha mmoja, acha saa mbili. Mhina utakuachia rangi ya chungwa. Jaribio hili ni la mhina tu, usilipeleke kwa mimea mingine.

9. Kichaka changu kina majani kama kiganja. Ni muhogo?

Hili ndilo swali ninaloulizwa kuliko yote, na kukosea hapa kuna gharama, kwa sababu mmoja ni mboga na wawili wana mbegu za sumu. Chuma jani moja la chini, lililokomaa, na likague kwa utaratibu huu.

Kwanza kikonyo. Geuza jani uone kinaposhika. Kwenye mbarika, Ricinus communis, kikonyo kinaingia ndani ya jani, mbali na ukingo, kama mpini wa mwavuli. Vidole vyake vina meno kama msumeno, utomvu ni majimaji tu, na matunda ni vichwa vya miiba laini kwenye shada lililosimama. Ndani mna mbegu yenye madoa, nzuri kama kupe aliyepakwa rangi. Ndiyo hiyo ya mafuta ya nyonyo, na ndiyo hiyo yenye sumu kali ikitafunwa.

Pili vidole. Muhogo una vidole vyembamba vilivyoachana mpaka karibu na kikonyo, kingo zake hazina meno, maziwa yapo, na shina lina vinundu vya majani yaliyodondoka. Hilo shina karibu kila mtu wa kusini analijua hata gizani. Mpira wa kisamvu, Manihot glaziovii, ni muhogo uliokuwa mti: vidole vipana zaidi, maziwa mengi, na gome la shina kuu linabanduka kama karatasi. Huu ndio unaotoa kisamvu cha mpira. Ni mali, uache, ila majani yake kama ya muhogo ni lazima yatwangwe na kupikwa vizuri, maana mabichi yana sumu ya sianidi.

Mbono kaburi, Jatropha curcas, hauna vidole vya kweli. Jani ni pana, kama moyo wenye kona tatu au tano zisizoingia ndani, na kikonyo kinashika ukingoni. Tunda ni laini, la mviringo kama yai dogo, kijani kisha njano kisha jeusi. Huota kwa vijiti vilivyochomekwa, ndiyo maana utaukuta umepanga mstari. Mbegu zake tamu mdomoni, na hapo ndipo watoto hunaswa.

Na mpapai mchanga? Kata kikonyo. Kina tundu katikati, unaweza kupuliza. Mbarika nao kikonyo chake kinaweza kuwa na tundu, ila utomvu wake ni majimaji na mpapai una maziwa.

10. Huu ni mwarobaini, mlonge au mjohoro?

Mwarobaini una vijani vilivyopinda kama mundu, vyenye meno ya msumeno. Mlonge una vijani vidogo vya duara, laini, jani limegawanyika mara mbili au tatu mpaka linaonekana kama lesi, na maganda yake marefu yananing'inia kama vijiti vya ngoma. Mjohoro, Senna siamea, vijani vyake vimepangana jozi jozi mpaka mwisho, hakuna kimoja cha ncha, kingo hazina meno, na maua ni ya njano.

Mmoja wa kuangalia ni melia, ambao wengi huuza na kununua kama mwarobaini. Jani lake limegawanyika mara mbili, la mwarobaini mara moja. Matunda ya melia hubaki njano kwenye mti baada ya majani kudondoka, na yana sumu.

11. Na haya maua ya kupamba?

Umri wa nyumba utakusaidia. Mji wa Mtwara ulikua na mradi wa karanga wa Waingereza ulioanza 1947, na kwenye nyumba za zamani za Shangani utakuta franjipani na bogenvilia zenye mashina mazito, zote asili yake Amerika. Nyumba za miaka ya gesi zina duranta zilizokatwa kama boksi, krotoni na iksora.

Bogenvilia: miiba, na ile rangi unayoiona ni majani, ua lenyewe ni kale kadogo keupe katikati. Haibiskasi: ua kubwa lenye ulimi mrefu unaotoka nje. Krotoni: majani ya madoadoa ya njano na nyekundu mwaka mzima. Iksora: vishada vya maua membamba mekundu au ya chungwa, majani ya kuelekeana. Hivi sivihangaikii, na wewe usihangaike. Ukingo wa majani ukiwa umeungua kwa upande wa baharini ni chumvi ya upepo wa kusi.

12. Mkorosho umejiotea mbele ya baraza. Niuache?

Hapana, na najua nauambia mji wa korosho. Jani pana lililo duara kwenye ncha na mishipa ya njano, kila mtu analitambua. Lakini mkorosho hutanda, matawi hushuka mpaka chini, na miaka michache ijayo huoni geti. Kama una nafasi nyuma, panda mche mpya wa kubebeshwa. Huo wa kujiotea hujui tunda lake.

## Vya hatari

13. Vipi niving'oe bila kusubiri mvua?

Upupu, kama umepanda kwenye uzio. Ni mtambaazi wenye majani matatu matatu kama maharage, na maganda yenye manyoya ya dhahabu. Uondoe maganda yakiwa mabichi. Yakishakauka, upepo tu unatosha kukuwasha, na huo si wakati wa kuugusa wala kuuchoma moto. Ukishapatwa usijikune, bandika utepe wa gundi au ugali mkavu kwenye ngozi, bandua, rudia, ndipo uoge.

Mnanaha: kimo cha kiuno, ua jeupe au la zambarau kama tarumbeta, tunda la miiba kama yai. Sumu kuanzia mzizi hadi mbegu.

Tipitipi: mtambaazi mwembamba, mbegu nyekundu zenye jicho jeusi. Watoto huziokota wazitunge shanga. Mbegu moja iliyotafunwa au kutobolewa si ya kuchezea.

14. Nina kichaka cha majani membamba marefu na maua mazuri. Ni oleanda?

Pengine, na zipo mbili. Oleanda ya kwanza, Nerium oleander, ina maua ya pinki, meupe au mekundu, na majani magumu yanayotoka matatu matatu kwenye kifundo, na mshipa wa katikati mweupe ulionyooka kama mstari wa rula. Ya pili, oleanda ya njano, Cascabela thevetia, ina majani membamba zaidi, yanayong'aa, yametawanyika kuzunguka tawi bila mpangilio wa matatu, maziwa mengi, ua la njano la kengele, na tunda la kijani lenye kona kama jiwe la kuchezea, ambalo huiva likawa jeusi.

Zote mbili huuma moyo, kwa maana halisi: sumu yake huvuruga mapigo. Kila sehemu ina sumu. Usichonge vijiti vya mishikaki, usiweke kwenye kuni wala kuota moshi wake, usiache matawi yaliyokatwa mahali mbuzi watapita. Kama huna watoto wadogo na unaipenda, ibaki. Nyumbani kwangu haipo, na ninapouza huwa namuuliza mnunuzi kwanza ana watoto wa umri gani. Nimeshakosa biashara kwa swali hilo.

15. Maziwa yameingia jichoni, au mtoto ametafuna mbegu. Nifanye nini?

Jicho: maji safi mengi, yanayotiririka, dakika 15 au zaidi, kope zimeshikiliwa wazi, usisugue. Maziwa ya mnyaa huuma vibaya na yanaweza kukuzibia macho kwa muda, kwa hiyo baada ya maji nenda hospitali hata kama maumivu yamepungua.

Mbegu au jani: toa kilichobaki mdomoni, msukutue, usimlazimishe kutapika, nenda hospitali mara moja. Mtwara ni Ligula, Lindi ni Sokoine, au kituo kilicho karibu zaidi. Beba tawi lenye jani na tunda ndani ya mfuko. Daktari akiona mmea wenyewe anaokoa muda ambao maelezo yako ya "kimti fulani cha kijani" yangeupoteza.

## Mipaka, makaburi na majirani

16. Upande mmoja kuna mstari wa minyaa. Naweza kung'oa nijenge ukuta?

Si leo. Mstari wa minyaa, mbono kaburi au michongoma mara nyingi ndiyo mpaka wenyewe, uliokubaliwa na watu ambao wengine wameshafariki. Ukiung'oa peke yako, umefuta ushahidi, wako na wa jirani. Mwite jirani na mwenyekiti wa mtaa, tafuteni mawe ya mpimaji kama kiwanja kimepimwa, pimeni, pigeni picha, andikianeni. Halafu ndipo mng'oe, mkiwa mmevaa miwani na mikono mirefu kwa sababu ya swali la 15.

17. Vichaka viwili vimejitenga kona, hakuna kingine karibu. Inaweza kuwa kaburi?

Inaweza. Mbono kaburi haukupata jina lake bure, na franjipani nayo hupandwa makaburini. Angalia kama kuna mawe yaliyopangwa, tuta dogo, kipande cha sahani au chungu. Kisha muulize muuzaji waziwazi, mbele ya mjumbe, kama kuna mtu amelala pale. Si swali la aibu, na ni afadhali liulizwe kabla ya jembe. Familia ikithibitisha, mtakubaliana kuhusu njia ya kuja kuzuru au vinginevyo. Ikikataa, bado chimba kwa mkono kwanza, taratibu.

18. Jirani anasema mti ulio kwangu ni wa babu yake.

Soma mkataba wa mauziano. Kama miti haikutajwa, mgogoro una mlango. Huku mwembe, mnazi na mkorosho huhesabiwa kama mali, na wapo watu wanaouza ardhi wakidhani wamebaki na mti. Malizeni serikali ya mtaa, kwa maandishi. Kwa vichaka vya maua sijawahi kuona kesi, isipokuwa mhina mmoja.

## Ukikwama kabisa

19. Programu za simu zinaaminika?

Google Lens, PlantNet na iNaturalist zote nazitumia. Kwa maua ya kupamba, yanayopandwa dunia nzima, ziko vizuri. Kwa mimea ya pwani yetu kama mkilua, hutapatapa. Zitakupa ndugu wa karibu au mgeni kutoka Asia. Jibu la simu lichukulie kama jibu la kijana aliyesoma lakini hajawahi kufika Mtwara.

Picha ndizo huamua. Piga mmea mzima, jani mbele na nyuma, kifundo kwa karibu, ua na tunda kama vipo, na uweke sarafu ya shilingi 200 pembeni kuonyesha ukubwa. Na kama swali ni "naweza kula?", programu yoyote isikujibu hilo.

20. Kuna mtaalamu wa kumpelekea?

Kwa mimea ya shamba, hasa mikorosho, karanga, ufuta na muhogo, kituo cha utafiti cha TARI Naliendele kiko nje kidogo tu ya mji wa Mtwara. Kwa mimea mingine kuna hebaria, yaani hazina ya mimea iliyokaushwa, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, na hebaria ya taifa iko Arusha.

Usipeleke kitawi kilichonyauka. Kata kipande cha kiasi cha mkono, chenye majani na ua au tunda, kilaze katikati ya magazeti, jani moja uligeuze tumbo juu, weka mbao na tofali juu yake. Badilisha magazeti kila siku. Kwa unyevu wa pwani ukiacha siku tatu, unapata ukungu badala ya kielelezo. Andika ulipokichuma, tarehe, kimo cha mti, rangi ya ua na harufu, kwa sababu hivyo viwili vya mwisho hupotea vikikauka.

21. Na ule mkilua wako vipi?

Naulizwa hili na kila aliyesikia kisa, bibi jirani akiwa wa kwanza. Kisiki nilikiacha kwa uvivu tu, na Desemba, mvua ya pili au ya tatu, vilitoka vichipukizi vinne. Kimoja kililiwa na mbuzi. Vitatu sasa vimepita dirisha, na mwaka huu kwa mara ya kwanza vimetoa maua, saba kwa hesabu yangu. Matano alichuma bibi.